Viwavi Waliokula Usingizi wa Mama

Mama yangu hulala mchana, kama popo na kama matajiri. Usiku anafanya shifti katika nyumba ya wazee upande wa pili wa bonde, anawageuza ubavu watu ambao watoto wao wana nyumba zenye vyumba vitupu, na asubuhi anarudi na basi la Don Mills akiwa na uso wa mtu aliyesahau maneno. Anaoga, anakunywa chai ya rangi, anafunga mlango. Kuanzia hapo mpaka alasiri chumba chake ni nchi yenye mpaka, na mimi ndiye askari wa mpaka huo. Nimewahi kumfukuza mtu wa intaneti aliyekuja kutengeneza intaneti yangu mwenyewe.

Tunakaa ghorofa ya pili, Flemingdon Park, katika jengo lenye rangi ya meno ya mvuta sigara. Dirisha la mama linatazama magharibi. Kiangazi, jua likishavuka paa, dirisha lile hugeuka mdomo wa tanuri. Kilichomwokoa miaka yote ni mwaloni uliosimama nje, mkubwa kwa umri kuliko jengo lenyewe, wenye matawi yanayogusa kioo upepo ukivuma. Majani yake yalikuwa pazia ambalo hakuna mwenye nyumba aliyewahi kulitundika wala kulidai kodi. Mama alilala ndani ya kijani kile kama jiwe chini ya mto, na mimi chumba cha pili nikaandika riwaya yangu kwa vidole vya polepole, nisije nikamwamsha kwa kubonyeza.

Kisha wakaja viwavi.

Kiangazi cha kwanza tuliwatambua kwa sauti kabla ya sura. Nilikuwa nimeketi karibu na dirisha lililo wazi, nikiandika aya ndefu kuhusu mvua nyepesi inayodondoka juu ya majani. Nilikuwa nimeshaipenda aya ile. Nilikuwa nimeshajiona nikiisoma mbele ya watu. Mama akatoka chumbani akisugua macho, akanyoosha kiganja nje ya dirisha, akakirudisha, akakitazama.

"Hii si mvua," akasema. "Ni mavi."

Yalikuwa mavi kweli. Punje ndogo nyeusi, kavu, zikinyesha kutwa kutoka kwenye mwaloni, juu ya magari, juu ya watoto, juu ya fasihi yangu. Huko juu viwavi walikuwa wakila: wenye manyoya, wenye vitone vya buluu mabegani na vyekundu mgongoni, kana kwamba kuna aliyewashonea sare. Hawakuonja jani na kuliacha. Walilimaliza, wakahamia la pili, kwa utulivu wa watu walioalikwa. Mwezi wa saba ulipoingia mwaloni ulikuwa uchi kama Januari ya huku yenye theluji, ila jua halikuwa la Januari.

Mama akabandika karatasi za jikoni za kung'aa kwenye kioo. Akaloweka khanga na kujifunika. Akalala ndani ya bafu na mto chini ya shingo. Usingizi haukuja, na siku moja kazini, akimlisha mzee mmoja uji, alisinzia kijiko kikiwa njiani. Mzee yule, aliyekwisha kusahau majina ya wanawe wote, hakusahau kumshitaki. Mama akapewa onyo: mara ya pili ataondoka. Alinisimulia huku akicheka, na mama yangu hacheki habari za kazi.

Meneja wa jengo letu ni mwanaume anayetembea na funguo nyingi kuliko milango iliyopo. Nilipokwenda kumwona kuhusu mti, alinisikiliza akitazama simu.

"Ule mti ni mgonjwa," akasema. "Ukikauka tena mwakani, tutaukata. Ni hatari kwa wapangaji."

"Haujakauka. Umeliwa. Tawi ukilikwangua bado ni bichi."

"Ukiliwa tena, utakauka."

Jiji hili huruhusiwi kukata mti mkubwa hivi hivi tu. Lazima kibali, na ni sheria nzuri. Lakini mti mfu hauna wakili. Wiki ile ile nilimwona meneja akipima kwa utepe ile ardhi iliyo chini ya mwaloni, hatua za gari moja, hatua za gari la pili, akitikisa kichwa kwa furaha ya mtu anayepima shamba la marehemu ambaye bado anakohoa.

Basi nikasoma. Hilo ndilo ninaloliweza. Nikajua kwamba kiwavi yule ni mtoto wa nondo aliyeletwa bara hili na binadamu mmoja mwerevu miaka mingi iliyopita, akamponyoka, na tangu hapo misitu inalipa werevu wake. Nondo jike ni mweupe, mnene, ana mabawa na hawezi kuruka. Anatambaa hatua chache, anataga mayai kwenye gome, anayafunika kwa manyoya ya tumbo lake mpaka yanafanana na kipande cha sifongo kilichochakaa, halafu anakufa. Kwa sifongo hiyo ndiyo wamempa jina jipya, kwa kuwa jina la zamani lilikuwa tusi kwa kabila la wahamahamaji ambao hawakumkosea mtu. Walimbadilishia jina, njaa wakamwachia.

Dawa ya mwenye uwezo ni kupulizia mti. Dawa ya asiye na uwezo ni kisu, gunia na ndoo. Majira ya mayai unayakwangua na kuyatia kwenye maji ya sabuni. Majira ya viwavi unafunga gunia kiunoni mwa mti, unaikunja sehemu ya juu ianguke kama sketi, kwa sababu kiwavi akishakua hula usiku na mchana hushuka kutafuta kivuli. Anaingia chini ya sketi, analala. Alasiri unakwenda, unainua sketi, unamkuta amelala, unamtia ndooni. Ni kazi isiyo na heshima yoyote: unamvizia mwenzio usingizini.

"Hiyo naielewa," mama akasema nilipomweleza. "Yeye anakula usingizi wangu, mimi nitakula wake."

Kukwangua tulikwangua vuli nzima mpaka mikono ilipofika. Mayai ya juu hatukuyafikia, kwa kuwa meneja alikataza ngazi. Kwa usalama wetu.

Gunia nililitafuta mwaka uliofuata, kwa marafiki zangu waandishi. Hukutana kila Alhamisi katika mkahawa mmoja upande wa magharibi wa jiji, ambako magunia ya kahawa kutoka kwetu yametundikwa ukutani kama ngozi za wanyama waliowindwa. Niliomba mawili. Ombi likawa mjadala.

Mshairi mmoja, rafiki yangu wa kweli, mtu mwenye moyo mwema na skafu kiangazi chote, aliweka kikombe chini polepole. "Tunasema mvamizi," akasema. "Lakini tumewahi kujiuliza kiwavi anataka nini?"

"Majani," nikamjibu.

"Na wewe, kama mhamiaji, husikii uchungu ukisema mdudu huyu ametoka nje, aondolewe?"

Wote wakanigeukia, macho yamelainika. Waliniona nikiwa na riwaya tayari mkononi: binti, mama, kiwavi, mpaka. Walikuwa wameshanisamehe kwa kuiandika.

"Mama yangu alikuja na viza," nikasema. "Alipimwa kifua, akapanga foleni, akasubiri. Hakuanguliwa kwenye gome la mtu. Nipeni gunia."

Walinipa. Mshairi akaniomba siku moja aje auone mti, na nikamkaribisha, na alikuja, mwezi wa tano mwishoni, akasimama chini yake kwa muda mrefu akiwa amefumba macho. Mama, aliyekuwa akirudi kutoka kazini, alimkuta hivyo, akampa glavu. Alizirudisha kwa heshima kubwa. Baadaye aliandika shairi refu kwa sauti ya kiwavi. Nasikia ni zuri sana, watu walilia.

Magunia hayakumaliza wiki. Kindi wa Flemingdon Park waliyachana nyuzi kwa nyuzi, wakapanda nayo juu kutandikia vitanda vya watoto wao. Viwavi walikuwa wameshakua urefu wa kidole, jua limeshaanza kuuma, na mimi nilikuwa bado natafakari wapi pa kupata gunia jingine, wakati mama alipofungua kabati, akatoa alichokuwa nacho, akashuka, akafunga mwenyewe kabla ya kulala. Alikuwa na shuka jekundu lililotoboka, akalichana mkanda mmoja, akaufunga chini. Alikuwa na bitana nyeusi ya koti la zamani, akaifunga katikati. Alikuwa na shuka jeupe la kazini lililotupwa kwa doa, akalifunga juu. Chini ya mti akaweka ndoo ya maji ya sabuni na bakuli la kuokotea viwavi. Akanawa, akapanda, akalala.

Sasa, msomaji wa kwetu ameshashika kichwa. Mimi niliyezaliwa kwetu na kulelewa huku nilipita chini ya mti ule siku nzima nikiwaza tu kwamba rangi zimependeza. Nyekundu, nyeusi, nyeupe: rangi za mganga. Vitambaa vitatu vimefungwa kwenye mti mkubwa wa peke yake, na chini yake chombo cha maji. Na aliyevifunga ni mwanamke wa Kigoma, anayeonekana pale alfajiri peke yake akirudi kutoka kusikojulikana, akiinama na kunong'ona. Alikuwa akiwatukana viwavi kwa Kiha. Lakini nani angejua?

Mwanamke mmoja Mtanzania anayekaa ghorofa ya tisa alinikuta kwenye lifti. Alingoja mlango ufunge.

"Mdogo wangu, shikamoo yangu mfikishie mama."

"Ataipata, dada."

"Eti... anapokea watu saa ngapi?"

"Kupokea? Mama mchana analala."

"Ahaa." Alitikisa kichwa kwa kuelewa zaidi ya nilichosema. "Basi ni wa usiku. Sikuwa najua. Mwambie ni ya mume wangu tu, viza imekwama. Sitaki mtu adhurike."

Nilicheka mpaka chini. Kesho yake sikucheka. Ndani ya ndoo, kati ya viwavi waliokufa, mlikuwa na sarafu. Siku iliyofuata palikuwa na yai kwenye mzizi. Kisha picha ndogo ya pasipoti ya kijana mwenye tai, nyuma yake pameandikwa neno moja: kazi. Watu tuliokutana nao kanisani miaka yote walianza kumwamkia mama kwa mbali mno, na wengine kwa karibu mno.

"Watu wana nini?" mama akaniuliza. "Jana yule mzee wa ghorofa ya chini amenipigia magoti."

Nikamweleza. Alikirudisha kijiko cha sukari koponi. Nilidhani atakwenda kuvifungua vile vitambaa. Lakini alitazama dirisha, ambako majani yalikuwa bado majani, yametobolewa hapa na pale lakini yapo, na kivuli chake kikicheza juu ya kitanda.

"Mtego unakamata?" akauliza.

"Unakamata sana."

"Basi wacha waogope. Kindi nao wanaogopa?"

"Hawajagusa."

"Unaona. Hata kindi wana akili." Akaenda kulala.

Kanisa letu ni la Wakongo na Warundi wengi, na Watanzania sisi wachache tunaohesabiwa kama kachumbari. Linakodi ukumbi wa shule na kuujaza kelele za furaha mpaka saa ya kukabidhi funguo ifike. Mchungaji wetu ni mtu wa Uvira, mwembamba, mwenye suti tatu na sauti ya watu kumi, na hajawahi kuona jambo akangoja kuuliza. Habari za mti zilimfikia Ijumaa. Jumapili, ibada ilipokwisha, hakurudi nyumbani. Alikuja kwetu na kwaya nzima, kinanda cha betri, spika yenye magurudumu na chupa ya mafuta ya zeituni.

Mama alikuwa amelala. Usiku ule alikuwa na shifti. Nilishuka ngazi mbili mbili.

"Binti," mchungaji akanizuia kwa kiganja, "rudia ndani. Hii vita haiko ya watu wa kalamu."

"Baba mchungaji, ni mtego wa wadudu."

"Shetani naye anatega."

"Ni viwavi! Wanashuka mchana, wanajificha chini ya kitambaa."

Akasogea, akakizunguka kile kiuno cha mti akikinyooshea kidole, mkanda kwa mkanda. "Nyekundu. Nyeusi. Nyeupe." Akanigeukia kwa huruma. "Binti, mimi nimezaliwa Uvira. Usinifundishe rangi."

Kinanda kikaanza. Kwaya ikapaza wimbo wa vita. Mchungaji akamwaga mafuta kwenye mizizi, akakunja mkono wa koti, akautumbukiza chini ya sketi nyekundu, akaivuta kwa nguvu zote alizonazo.

Ilikuwa saa ambayo viwavi wote wamelala humo. Walimwagika juu yake kama choroko kutoka gunia lililotoboka: kwenye kola, kwenye mkono wa shati, ndani ya mfuko wa leso. Waimbaji wa sauti ya kwanza walipanda sauti ambayo hawajawahi kuifikia mazoezini. Mchungaji hakukimbia, nampa haki yake. Alisimama, akaendelea kukemea, huku akijikung'uta kwa mkono mmoja. Lakini manyoya ya kiwavi yule hayajali upako. Kabla ya pambio kwisha shingo yake ilikuwa imejaa vipele vyekundu, na mama mmoja wa kwaya akapiga yowe: "Wanamurudia! Mapepo yanamurudia papa!"

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka. Mama alitokeza, kitenge kifuani, kilemba cha kulalia kimekaa upande.

"Nani anapiga kinanda chini ya kichwa changu?"

Kinanda kikakata.

"Bwana asifiwe, mama," mchungaji akasema, akijikuna.

"Amina. Nani?"

"Mama, tumekuja kukufungua."

"Nimefungwa na nani?"

"Na huu muti."

Mama alitoweka dirishani. Tukiwa tunamsubiri ashuke, kiwavi mmoja alionekana akipanda polepole tai ya mchungaji, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alipofika alimtazama kwanza shingoni. "Unajikuna."

"Ni mashambulizi, mama."

"Ni manyoya. Nenda kanawe na sabuni, na usijiguse macho."

"Sisi tunawajua watu wa Kigoma," akasema mchungaji, lakini nusu ya sauti kumi ilikuwa imeshapungua.

"Na sisi tunawajua ninyi wa ng'ambo ya ziwa. Mkiumwa mnapanda boti kuja kwetu kutafuta dawa. Mkipona mnarudi mnasema Kigoma kuna wachawi."

Kwaya ilijitahidi isicheke. Sauti ya besi ilishindwa.

"Sasa nisikilize, baba mchungaji, maana nina saa chache za kulala na wewe umekula moja. Mti huu ukipukutika, wanaukata. Wakiukata, jua linaingia chumbani, silali. Nisipolala, nasinzia kazini, na wameshaniambia nikisinzia tena niende. Hayo ndiyo mapepo yangu, sina mengine. Una maombi ya hayo?"

Mchungaji alitazama juu, kwenye matawi. Nadhani kwa mara ya kwanza aliuona mti. Alitazama pia viwavi waliokuwa wakitambaa kurudi kwenye shina, kila mmoja akitafuta sketi aliyonyang'anywa.

"Wanakula majani yote?"

"Yote."

"Hawa basi ni wale wadudu wa kitabu cha nabii, waliomaliza mashamba," akasema, na taratibu sauti zake zikaanza kumrudia, moja baada ya nyingine. "Ndugu zangu! Hili ni jeshi! Tumeambiwa habari za jeshi hili!" Mtu akimpa mchungaji wetu vita, haulizi ni ipi. "Lakini, mama, hicho kitambaa chekundu..."

"Nileteeni kingine."

Wakaleta. Lilikuwa jora lililobaki la kitenge cha sare ya siku ya akina mama, buluu ya mbingu, chenye njiwa weupe. Kabla ya jioni mwaloni wetu ulikuwa umevaa njiwa kiunoni kama mwanakwaya mnene, na mama alikuwa amechelewa basi.

Laiti mambo yangeishia pale. Lakini watu wetu hawajui kusaidia bila kamati. Jumatatu kamati ilikuwa imeundwa: mwenyekiti, makamu, mama wa huduma ya chakula, na kijana wa sauti, maana haiwezekani kuokota viwavi bila spika. Na viwavi, kama nilivyosema, hukamatwa mchana wakiwa wamelala. Kila alasiri, saa ileile ambayo mama alikuwa kwenye kilindi cha usingizi wake, kikosi kilifika chini ya dirisha. Walifungua kwa sala. Walifunga kwa sala. Katikati waliimba, walibishana nani ameokota wengi, walikaanga sambusa kwenye jiko la gesi, waliwakaripia watoto kwa Kiswahili na watoto wakawajibu kwa Kiingereza. Walifanya kazi, sikatai. Sketi ya njiwa iliinuliwa kila siku, ndoo zilijaa, majani yakabaki. Na mama alikuwa amelala chali gizani, vizibo masikioni, mto juu ya uso, macho wazi, akiokolewa.

"Nikawaambie wapunguze sauti?" nikamuuliza.

"Utamwambiaje mtu anayekusaidia aache kukusaidia?" akasema. "Mpaka awe amemaliza."

"Watamaliza lini?"

"Wanaimba ubeti wa ngapi?"

Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Alianza kunywa kahawa, kitu alichokuwa akikiita maji ya mkaa. Kazini alisimama usiku kucha, kwa sababu akikaa tu, kichwa kinaanguka. Kila asubuhi nilisubiri mlango ufunguke ili nimsome usoni kama bado ameajiriwa. Mti ulikuwa umenona kuliko mama.

Mwezi wa saba meneja alikuja na mtaalamu wa miti, mwanamke mwenye kofia ngumu ambaye hakupoteza neno. Kamati yote ilikuwepo, mchungaji akiwa na suti ya pili. Yule mwanamke alilizunguka shina, akafunua njiwa, akatazama juu kwa darubini ndogo. Kwenye gome palikuwa na viwavi waliokufa, wananing'inia kama soksi zilizolowa.

"Wamepata ugonjwa wao," akasema. "Masika yalikuwa na unyevu. Hutokea."

"Na mti?" meneja akauliza, kwa matumaini.

"Umetafunwa. Lakini majani yapo. Umwagilieni ukame ukija. Hakuna sababu ya kuukata."

Sijawahi kuona mtu akipoteza maegesho ya magari mawili kwa uso mmoja. Kwaya ililipuka kwa vigelegele. Mchungaji alitangaza kwamba ule ugonjwa ndio jibu la maombi. Mwenyekiti alisema ni ndoo. Mshairi wangu, nilipompigia simu, aliuliza kwa sauti ya msiba kama walikufa kwa mateso. Nani aliuokoa mwaloni sijui mpaka leo, na waliodai kuuokoa ni wengi kuliko waliookota viwavi.

Meneja alilipiza kwa silaha aliyonayo. Kesho yake ndani ya lifti palikuwa na tangazo: marufuku mikusanyiko nyuma ya jengo, marufuku kuimba, marufuku vyombo vya sauti, marufuku kupika, marufuku kufunga kitu chochote kwenye miti bila idhini ya maandishi. Kamati ilikasirika. Mchungaji alisema ni mateso ya watakatifu, akataka tufunge na kuomba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kichwani barua ya hasira ya kurasa nne.

Mama alirudi kutoka kazini, akasimama kwenye lifti na mkoba begani, akalisoma lile tangazo neno kwa neno, midomo ikicheza, kama mtu asomaye barua ya posa. Lifti ilifika ghorofa ya pili, mlango ukafunguka, ukafunga, ikapanda naye mpaka juu na kurudi.

"Usiandike barua yoyote," akaniambia alipoingia. "Ukiandika nakuhama."

Siku ile alilala mpaka saa kumi na moja jioni. Na iliyofuata. Na iliyofuata.

Jumapili moja baadaye nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya nje, zamu yangu ya mpakani, nilipowaona wanakuja kwa mstari kutoka kituo cha basi: mchungaji na kwaya, bila kinanda, bila spika. Walikuwa wamekuja kushukuru. Niliinuka, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Baba mchungaji, mama amelala."

"Tunaimba kidogo tu, binti. Ubeti moja."

"Amelala, baba."

"Ni ya shukrani! Itakuwaje shukrani bila kuimba?"

Nilielekeza kidole juu. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, majani yameliziba karibu lote, na kutoka katikati ya majani ilikuwa ikitoka sauti: nzito, ndefu, inayokwama mwishoni na kuanza upya, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni.

Mchungaji aliweka mkono sikioni. Kwaya nzima ikasikiliza. Kisha yeye, ambaye jirani wa ukumbi wa shule amewahi kumwitia polisi wakati wa dua ya kufungua tu, aliinamisha kichwa na kuanza kuomba kwa kunong'ona. Na wote wakanong'ona. Nilikuwa sijui kwamba wanaweza. Mtoto mmoja alitaka kucheka, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja kizima.

Walipomaliza, mchungaji alisogeza mdomo karibu na sikio langu. Shingoni, juu ya kola, bado kulikuwa na makovu madogo ya vipele.

"Ni yeye kweli anakoroma hivyo?"

"Ni yeye, baba."

"Haleluya," akanong'ona, na akawageuza watu wake kwa ishara ya mikono. Akina mama wa kwaya walivua viatu vyao vya Jumapili, wakavibeba mkononi, wakavuka nyasi kuelekea kituo cha basi.